Mishipa ya Buluu Nyuma ya Goti

Binti yangu wa kwanza alizaliwa na doa nyuma ya goti la kushoto. Halikuwa jekundu. Lilikuwa la buluu iliyofifia, kama wino uliomwagika kwenye shuka kisha ukafuliwa vibaya, na ukubwa wake haukuzidi ukucha wa kidole gumba. Mkunga aliyenizalisha alilipapasa kwa kidole akasema watoto wengi huzaliwa na alama za namna hiyo, na kwamba litafutika kabla mtoto hajaanza kutembea. Nilimwamini. Nilikuwa na umri mdogo, na mtoto alikuwa akinyonya vizuri.

Alitembea, doa halikufutika. Alipoanza kukimbia na kuruka, chini ya doa palikuwa na kitu laini kinachojaa na kunywea. Asubuhi kilikuwa bapa, mtu asingekiona. Jioni, baada ya kutwa nzima ya kucheza uani, kilikuwa kimetuna kama yai la njiwa na ngozi ya juu yake imekuwa nyeusi-buluu. Nikikibonyeza kilizama. Nikiondoa kidole kilirudi polepole, na huo upole wake ndio ulionitia hofu. Jipu halirudi hivyo. Kilikuwa kama kitu kinachojua kwamba kina muda wa kutosha.

Tuliishi Lubumbashi, ambayo kwenye karatasi za serikali ilikuwa bado Elisabethville, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua na bomba la kushirikiana na majirani. Mume wangu alifanya kazi kwenye tanuri za kuyeyushia shaba. Mikono yake ilikuwa na madoa ya moto hadi kwenye viwiko. Ukoo wake ulikuwa wa wenyeji, watu wa Mitwaba. Mimi baba yangu alitoka jimbo la Kasai akiwa kijana asiye na ndevu, akaoa hapahapa, akafungua kibanda cha kuuza samaki wakavu waliotoka Kasenga. Kasai yenyewe sikuwahi kuiona. Tulifunga ndoa kanisani na hakuna aliyenuna, au kama alinuna, alinuna nyumbani kwake.

Mama mkwe wangu alikaa nasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na aliutazama mguu wa mjukuu wake kila jioni. Sababu yake niliijua. Kabla ya mume wangu alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, aliyevimba muundi akiwa na umri kama wa binti yangu. Kwenye zahanati walimpa poda na kumwambia asubiri. Akasubiri. Walipokuja kuupasua ule uvimbe, usaha ulikuwa umeshakula mfupa, na mtoto akafa mikononi mwake njiani kurudi nyumbani. Tangu hapo, kwake yeye, kila kitu kilichovimba kilikuwa kitu cha kupasuliwa mapema.

“Usaha ikikaa ndani inakula mutoto,” aliniambia. “Weye hauyazika mutoto. Miye nilizika.”

Alimjua mzee mmoja aliyekuwa akitoa damu mbaya kwa pembe. Alikuwa akichanja ngozi kwa wembe mara kadhaa, akiweka pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, na kunyonya mpaka damu ijae ndani yake. Watu wa mtaani walimwendea kwa kichwa, kwa mgongo, kwa magoti. Nilimwomba mama mkwe anipe nafasi niende kwanza hospitali. Mume wangu, ambaye hakupenda kuingia kati yetu, safari hii aliingia, akasema twende hospitali.

Tulikwenda zaidi ya mara moja. Muuguzi mmoja alisema ni jipu linaloiva, akatupa mafuta ya kupaka. Mwingine alisema ni ile alama ya damu ya watoto wachanga, tusiisumbue, itakwisha yenyewe atakapoanza shule. Mafuta hayakufanya kitu, na mtoto alianza kuamka analia, akishika nyuma ya goti. Mara ya mwisho tulipelekwa kwa daktari mwanamke, mzungu mzee mwenye nywele zilizokatwa kama za mwanamume, aliyekuwa amekaa Katanga miaka mingi na alisema Swahili ya mji bila haya.

Hakuwa na haraka. Alipasha mikono yake joto kwa kuisugua, akamwambia mtoto alale kifudifudi. Aliweka kiganja juu ya uvimbe akakaa kimya, akanieleza baadaye kwamba alikuwa akisikiliza kwa mkono kama kuna mapigo ya moyo ndani yake. Hayakuwepo. Akaweka chombo chake cha kusikilizia, akafumba macho. Kimya pia. Akalinganisha joto la mguu huu na ule. Kisha akamlaza chali, akaunyanyua mguu juu na kuushikilia, na sote tukaona uvimbe ukitoweka kama maji yanayopotea mchangani. Akamsimamisha. Ukarudi. Akamwambia mtoto akaze pumzi kama anayekwenda chooni. Mtoto akacheka, kisha akakaza, na uvimbe ukatuna mbele ya macho yetu.

Alitutuma kupiga picha ya eksirei ya mguu. Kwenye picha, katikati ya nyama ambayo haikuonyesha kitu, palikuwa na viduara vyeupe vitatu au vinne, kama punje za mtama. Alivigusa kwa kalamu. Alisema ni damu iliyolala mahali pamoja mpaka ikawa mawe.

Aliyotuambia siku ile nimeyakumbuka maisha yangu yote, maana baadaye nililazimika kuyarudia kwa watu wengi. Alisema si jipu, si kansa, wala hakuna mtu aliyemfanyia mtoto ubaya. Zile alama nyekundu za watoto huja baada ya kuzaliwa, hukua haraka, halafu hufifia. Hii haikuwa hiyo. Mtoto alipokuwa tumboni mishipa ya kurudisha damu ilijiunda vibaya mahali hapo, ikawa mifuko badala ya mirija, na mifuko hiyo itakua kadiri yeye anavyokua. Haiendi popote. Ila bahati ilikuwa kwamba ilikaa mahali pamoja tu, nje ya goti lenyewe, na mpasuaji mwenye mkono mzuri angeweza kuitoa yote.

Mpaka siku ya kupasuliwa tulipewa kazi. Kumfunga bandeji ya kuvutika kila asubuhi kabla hajashusha mguu kitandani, kuanzia kwenye vidole kupanda juu, ibane kidogo, isimtie ganzi. Kumpumzisha mchana akiwa ameinua mguu. Uvimbe ukiwa mgumu na kuuma, maana yake damu imeganda ndani: kitambaa cha vuguvugu, dawa ya maumivu, mguu juu, na subira. Kisha akaweka kalamu chini akanitazama mimi, si mume wangu.

“Mama, muntu asikate hapa. Hata padogo. Akikata, hii damu haitakuwa na mulango wa kufunga. Na kama ikitoka, ufinye kwa mukono, unyanyue mguu juu ya moyo wake, usiachilie mpaka ufike kwa munganga.”

Nilimpelekea mama mkwe maneno yote, pamoja na hayo ya mwisho, nikamwonyesha kwa mkono. Alisikiliza huku akichambua mboga. Alisema daktari yule hakuwa na mtoto aliyekufa. Lakini hakumleta mzee wa pembe, na asubuhi alinishikia kisigino cha mtoto nilipokuwa nikifunga bandeji.

Mpasuaji alikuwa likizoni Ulaya, angerudi baada ya mvua. Alirudi kweli, akatupangia zamu. Zamu yetu haikufika. Uhuru ulikuja, askari wakaasi, na wazungu wakapakia magari wakaelekea mpaka wa Rhodesia. Mpasuaji alikuwa miongoni mwao. Siku chache baada ya uhuru jimbo letu, Katanga, likajitenga na nchi. Bendera mpya ilipandishwa, yenye misalaba midogo ya rangi ya shaba, na mume wangu aliporudi kazini alisema tanuri zinawaka kama kawaida. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayejituliza.

Daktari mwanamke alibaki kwa miezi kadhaa. Alinipa bandeji mbili za akiba. Kisha asubuhi moja tulikuta mlango wa chumba chake umefungwa, na mfagizi akasema ameondoka.

Wakubwa wa Katanga walianza kusema watu wa Kasai ni wageni na maadui wa jimbo. Ubaya haukuingia kwetu kwa kishindo. Uliingia kwa watu kunyamaza. Nilikuwa nikifika bombani na ndoo yangu na mazungumzo yakakatika. Mwanamke ambaye tulikuwa tukikopeshana chumvi alianza kupeleka mtoto wake kuchota maji badala ya kuja mwenyewe. Familia mbili za Kasai katika mtaa wetu zilihama bila kuaga. Nyumba ya tatu iliungua, na waliozima moto hawakuharakisha. Siku moja tulikuta mtu amechora alama ya chokaa kwenye mlango wetu. Mama mkwe aliifuta kwa upindo wa kitambaa alichojifunga, akaendelea kufagia.

Kibanda cha baba yangu kilivunjwa mchana kweupe. Samaki wake walitawanywa barabarani, na watu waliowahi kumwita baba waliwakanyaga. Yeye na mama walikimbilia nje ya mji, kwenye kambi kubwa ya watu wa Kasai iliyolindwa na askari wageni wa kulinda amani, wenye kofia za buluu, ambapo maelfu ya watu waliishi chini ya vibanda vya magunia na mabati. Mume wangu aliniambia mimi ni mke wa mwenyeji, hakuna atakayenigusa. Lakini aliacha kuniruhusu kwenda sokoni peke yangu.

Bandeji zililegea kwa kufuliwa. Nilikata fulana ya mume wangu vipande virefu nikazifunga hizo. Hazikubana kama inavyotakiwa. Uvimbe ulikuwa sasa kama ngumi ya mtoto mwenyewe, na vimishipa vya buluu vilikuwa vimeanza kushuka kwenye shavu la mguu.

Mwaka wa pili wa kujitenga, mvua zilipoanza, nilipata habari kwamba mama yangu ana homa kambini. Nilifunga unga na chumvi kwenye kitambaa, nikamwacha mtoto kwa bibi yake, nikatoka asubuhi na wanawake wengine waliokuwa wakienda upande huo. Niliahidi kurudi kabla ya jioni.

Mama nilimkuta amelala juu ya milango miwili iliyong'olewa mahali, akitetemeka. Baba alikuwa amekonda, na bado alinuka samaki, ingawa hakuwa amegusa samaki kwa muda mrefu. Aliponiuliza habari za mjukuu nilimweleza kuhusu bandeji. Ndipo aliponiambia kwamba jirani na kambi askari wale wageni wana hospitali yao, na ndani yake kuna mpasuaji, Mhindi mwenye kilemba, ambaye hakatai mtu. Alinipeleka yeye mwenyewe. Tulisimama uani mpaka yule daktari akatoka, na muuguzi mmoja wa Kasai akatufasiria. Nilirudia yote: hakuna mapigo, hakuna sauti, hakuna joto, kinanywea mguu ukiinuliwa, kina mawe. Yule daktari alinitazama kwa makini zaidi kadiri nilivyoendelea. Aliuliza kama goti lenyewe linakunjika bila shida. Nikasema ndiyo. Alisema nimlete, kesho kama naweza.

Tulikuwa bado uani milio ya bunduki ilipoanza upande wa mji.

Sikuweza kurudi siku ile wala iliyofuata. Askari wa Katanga na wale wa kofia za buluu walikuwa wakipigana, mizinga ikipigwa kutoka pande zote mbili, na moshi uliinuka mahali ambapo nilidhani ni mtaa wetu, kisha mahali pengine ambapo pia nilidhani ni mtaa wetu. Mvua ilinyesha juu ya magunia. Milio ilipopungua, asubuhi nyingine, nilimbusu mama nikaondoka, nikipita kwenye mashamba ya mihogo na nyuma ya nyumba zilizofungwa.

Mlango wetu ulikuwa wazi. Sakafuni palikuwa pamemwagwa majivu mengi, na chini ya majivu palikuwa pekundu. Pembe ya ng'ombe ilikuwa imelala karibu na ukuta.

Niliwakuta uani, chini ya kipenu cha jiko. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani akiegemea ukuta, mtoto amelala mbele yake chali, na mguu wa kushoto umepandishwa juu ya bega lake kama mtu anayebeba mti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekandamiza kitambaa nyuma ya goti. Kitambaa kilikuwa cheusi kwa damu kavu, na katikati chekundu. Mtoto alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

“Haikuwa usaha,” mama mkwe alisema. Hakunitazama.

Mume wangu, aliyekuwa akihangaika kutafuta bandeji kwa majirani, alirudi wakati huohuo, naye ndiye aliyenieleza. Siku niliyoondoka uvimbe uligeuka mgumu kama jiwe, na mtoto alilia mchana kutwa. Nilikuwa nimechelewa, bunduki zinalia, hakuna hospitali ya kukimbilia. Mama yake alimwona yule mtoto wake wa zamani. Kesho yake, mume wangu alipokuwa ametoka kutafuta maji, mzee wa pembe aliitwa. Alichanja mara mbili tu. Damu haikungoja pembe. Mzee alipoona inavyotoka alikimbia akaacha vyombo vyake. Mama mkwe peke yake alifanya nilichokuwa nimemwonyesha wakati akichambua mboga: alifinya, akanyanyua mguu, akakaa. Alikuwa amekaa hivyo tangu jana. Kila alipojaribu kulegeza mkono, damu ilianza upya. Hakuwa amekula wala kuinuka kwa lolote, na kitambaa alichovaa kilikuwa kimelowa.

Hapakuwa na muda. Nilisema kuna mpasuaji upande wa pili.

Mume wangu aliifunga baiskeli yake mto kwenye kiti cha nyuma. Tulimlaza mtoto juu yake, kichwa kikiegemea ubavu wa baba yake aliyekuwa akiisukuma, na mguu ukabaki palepale ulipokuwa, kwenye bega la mama mkwe. Alitembea kando ya baiskeli, amepinda, mkono haujaachia. Alipoishiwa nguvu nilitia mkono wangu chini ya wake, naye akautoa taratibu, kidole kimoja kimoja, na baada ya kupumzika akaurudisha. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, tukibadilishana. Mitaa ilikuwa mitupu. Mbwa walitufuata kwa sababu ya harufu.

Kwenye njia panda ya mwisho palikuwa na kizuizi cha mapipa na magogo, na majandarme, askari wa Katanga, waliokuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Mume wangu alisalimia, akatoa kitambulisho chake. Walimtazama mtoto. Mmoja, kijana mwenye bunduki kubwa kuliko yeye, alinielekezea kidole.

“Na huyu mwanamuke? Ni wa wapi?”

Mume wangu alifungua kinywa, na nikaona hajui atasema nini. Jina langu lingetosha kuwaambia mimi ni wa Kasai. Mama mkwe ndiye aliyejibu, bila kupandisha sauti, kwanza kwa lugha ya kwao Mitwaba, kisha kwa Swahili ili nami nisikie.

“Huyu ni mikono yangu. Nikichoka miye, anashika yeye. Kama unamutaka, mukamate, lakini kuja weye ushike huu mguu mupaka kule.”

Wakati huo zamu ilikuwa yangu. Kijana aliinama akatazama mkono wangu ulivyozama kwenye kitambaa, na damu iliyokuwa ikichuruzika hadi kwenye kiwiko. Alisogea nyuma. Mwenzake aliviringisha pipa pembeni. Tulipita, nami nilingoja risasi mgongoni mpaka barabara ilipokunja.

Upande wa pili mambo yaligeuka. Sasa mume wangu na mama yake ndio waliotazamwa. Askari wa kofia za buluu walituruhusu sisi wazazi na mtoto kuingia hospitalini, lakini mama mkwe alizuiwa kwenye uzio. Vijana wa kambi, ambao nyumba zao zilichomwa na wenyeji kama yeye, walikusanyika wakamzunguka. Nilimwona kupitia nyaya, mwanamke mrefu mwenye damu mpaka kifuani, amesimama katikati yao amenyoosha shingo. Sikuweza kumrudia. Baadaye niliambiwa kwamba mama yangu mzazi, na homa yake, aliinuka baba alipomletea habari, akapita katikati ya wale vijana, akakaa chini kando yake. Hawakuwa wamewahi kupendana. Walikaa hapo mpaka vijana wakatawanyika.

Daktari mwenye kilemba hakuuliza nani amekata. Alifunga mkanda kwenye paja, akaondoa kitambaa, akatazama, akaita watu wake. Damu yangu ilipimwa, haikupatana. Ya mume wangu ikapatana, akalazwa kitanda cha pili mkono umenyooshwa. Mimi niliwekwa nje. Mvua ilinyesha tena, na kila mlango ulipofunguliwa nilisimama.

Alipotoka alikuwa na bakuli la chuma. Alitaka nione, nafikiri kwa sababu nilikuwa nimemweleza vizuri. Ndani yake palikuwa na rundo la vifuko vyeusi vilivyoshikana, na kati yake vijiwe vyeupe. Kilikuwa kitu kidogo. Nilishangaa jinsi kilivyokuwa kidogo.

Muuguzi alifasiri: mtoto ataishi. Ametoa yote aliyoyaona, isipokuwa kipande kilichokumbatia mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Angekitoa, mguu ungekufa. Kipande hicho kinaweza kulala miaka mingi. Kinaweza kuamka atakapovunja ungo, au atakapobeba mimba. Hakuna anayeweza kusema. Aendelee kufunga bandeji.

Nilimuuliza kama kikiamka kutakuwa na mtu wa kumtibu. Muuguzi hakulifasiri swali hilo.

Tulikaa pale mpaka nyuzi zilipotolewa, halafu mji ukatulia kidogo tukarudi. Mama mkwe hakuomba radhi, na mimi sikumdai. Asubuhi ya kwanza nyumbani aliniondoa kitandani kwa mtoto, akachukua bandeji mpya tuliyopewa, akaanza kufunga mwenyewe, kutoka kwenye vidole kupanda juu, bila mkunjo hata mmoja. Akaifanya kazi hiyo kila siku mpaka alipokufa.

Wazazi wangu walisafirishwa kwenda Kasai pamoja na wengine wa kambi. Niliulizwa kama naandikwa nami. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni na hakusema nikae wala niende. Nilikaa, kwa sababu ya mguu: yule daktari alikuwa bado hapa. Siku ya safari baba alimnyanyua mjukuu wake juu ya meza ya ukaguzi, akatazama kovu, akasema limeshonwa vizuri. Mama alinipa sufuria yake. Kasai, ambayo hawakuwa na nyumba wala shamba ndani yake, ikawachukua, na baada ya hapo nilipata habari za kifo cha baba tu.

Kujitenga kulipokwisha, askari wa kofia za buluu waliondoka, na mpasuaji wetu pamoja nao.

Kile kipande kiliamka binti yangu alipofika miaka kumi na mitatu, kama tulivyoambiwa. Kiliamka tena kwa mimba ya kwanza, mguu ukavimba mpaka kifundoni, na kwa mimba ya pili, akalazwa. Daktari aliyemkuta wakati huo alimkataza ya tatu. Watoto wote wawili wapo. Yeye anaishi Kasungami, nje kidogo ya mji, analima mihogo na mboga, anatembea akiutupa mguu wa kushoto kidogo kwa nje. Ninapomtembelea mchana wa jua kali la mwezi wa kumi, namkuta amelala mkekani, miguu yote miwili ameiegemeza ukutani. Hainuki. Huniambia kwamba mguu hauumi, kabla sijauliza.